Uji wa Yai Kabla ya Sindano

Watu wanaokohoa wananisimamisha njiani, nina kikapu kichwani, wananiuliza nilipona vipi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimechukua daftari lililobaki na kurasa tupu, nimekaa chini, nami naandika. Mnisamehe mwandiko, maana shuleni niliishia darasa la nne. Mambo ya vidudu na mapafu msiyatafute humu, hayo ni ya madaktari. Na kama mnataka maneno matamu ya mtu aliyemsamehe kila mtu, nendeni kwa mwingine. Kifua changu kimepona, lakini hasira ninayo bado, na sioni sababu ya kuificha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tuliishi mlimani Meru, kwenye migomba na kahawa ya ukoo wa mume wangu. Mume wangu, Aminieli, alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu huko Sekei, akipanda kuja nyumbani Jumapili moja kwa mwezi. Shamba lilikuwa juu yangu na mama mkwe. Binti yetu, Eliwaza, alikuwa bado ananyonya.

Kikohozi kilinianza wakati wa masika. Mvua ikakatika, ukungu wa baridi ukashuka, nacho kikabaki. Mama mkwe akasema ni baridi ya mlima, akanichemshia majani. Tulipoanza kuchuma kahawa za kwanza, pete yangu ya ndoa ilinivuka kidoleni yenyewe ndani ya karai la kuoshea kahawa, nikaitafuta kwenye makapi asubuhi nzima. Wiki hiyohiyo maziwa yalikauka. Mtoto alivuta, akaachia, akanitazama usoni, akavuta tena. Sijui kama kuna kitu kilichoniuma kuliko kule kutazamwa. Siku nilipotema damu kwenye kanga, mama mkwe aliniondolea mtoto mgongoni, na Aminieli akaitwa kutoka kazini.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi barazani siku tatu. Wazungu walipitia mlango wa mbele, wakatoka, wakapanda magari yao. Wahindi walikuwa na chumba chao chenye viti. Sisi tulikuwa na benchi mbili na ukuta wa kuegemea, na mwenye kukohoa sana alisogezwa mpaka kwenye ngazi akanyeshewe. Siku ya tatu niliitwa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono ya upole, nami simsemi vibaya. Alisema vizuri tu, tatizo ni kwamba alisema Kiingereza. Aliyetafsiri ni dresa, yaani mfunga vidonda na mchoma sindano wa hospitali, mtu wa kwetu mlimani, mzee wa kanisa, kaptula yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama.

"Una kifua kikuu," dresa akaniambia. "Utachomwa sindano tisini, kila siku isipokuwa Jumapili. Usilale na mtoto. Usimbebe. Usile naye chombo kimoja. Na ule vizuri."

Kisha akaniambia lile lililoniondoa usingizi. Sindano zikiisha, kama sijaongeza uzito na makohozi hayajawa safi, nitapelekwa hospitali kubwa ya mbali, kwa lori na kwa treni, nikae huko mwaka au zaidi. Kutoka mtelemko wetu walikuwa wameenda wawili. Wote wawili walirudi kama barua. Nami nilijua mtoto wa miezi minane akikaa mwaka bila mama yake, mama yake atakuwa mtu mwingine. Basi hapo ndipo nilipopiga moyo konde. Nitanenepa, nitarudi, nitamchukua mwanangu.

Kwa kuwa sindano ilikuwa ya kila siku, nilihamia mjini kwa Shangazi Lea, dada yake baba yangu, mjane aliyekuwa na chumba kimoja na banda la kuku pale Daraja Mbili. Alinitengea kikombe, bakuli na kijiko, akavifunga uzi mwekundu ili visichanganyike na vyake. Alipokuwa akivifunga alilia. Halafu akajifuta, akaketi kula karibu nami, na hakuwahi kukaa mbali hata siku moja. Kama wewe huumwi ila una mgonjwa nyumbani, fanya hivyohivyo. Mtengee chombo, usimtenge yeye.

Dawa ile ilikuwa na mambo yake. Masikio yalivuma kutwa nzima. Nikigeuka haraka, nyumba iligeuka pamoja nami. Mahali pa kuchomwa palikuwa pagumu kama kiazi kibichi, upande huu leo, upande ule kesho. Na foleni! Namba zilitolewa alfajiri; ukichelewa unangoja mpaka jua la utosi. Kwa hiyo niliondoka tumbo tupu, nikarudi saa saba nimechoka hata kutafuna.

Nilikula vizuri, kama nilivyoambiwa. Yaani nilikula vizuri kwa akili yangu: ugali mwingi, ndizi za kuchemsha, mboga za majani, na uji mwepesi wa mahindi. Nilijilazimisha mpaka tumbo likauma. Kila Jumatatu nilipanda kwenye mizani, na kila Jumatatu mshale ulirudi nyuma. Ratili themanini na sita. Themanini na nne. Themanini na tatu.

"Huli," dresa alinifokea mbele ya foleni. "Serikali inakupa dawa ya gharama, wewe unakaa kujililia mtoto."

Daktari naye aliongea kila mara, tena kwa kirefu, akinionyesha vidole viwili. Dresa alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akanigeukia, akasema, "Anasema ule vizuri." Nikawa najiuliza Kiingereza ni lugha gani hii yenye maneno mengi hivyo kwa jambo dogo hivyo.

Siku ya sindano ya arobaini Aminieli alipewa ruhusa, akanisindikiza. Alikuwa na Kiingereza cha jikoni, cha nyama na chumvi na chai imepoa. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Daktari akasema maneno yake, dresa akatafsiri maneno yake, tukatoka. Tulipofika darajani Aminieli alisimama.

"Mama Eliwaza, daktari huwa anakuambia nini?"

"Si umesikia? Nile vizuri."

"Daktari hakusema hivyo." Alikuwa anaangalia maji. "Amesema mayai. Mayai mawili kila siku, asubuhi kabla hujaja. Na maziwa, na karanga au nyama. Amemuuliza dresa, huyu mama mbona hafuati, nimemwambia kila wiki."

Nilishika ukingo wa daraja. Sindano arobaini. Ratili zangu zote zile. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaacha kuvuma.

"Nawe ulisikia ukanyamaza?"

"Ningemsahihishaje mtu mzima mbele ya Mzungu? Niliona haya."

Nilimwacha amesimama, nikarudi hospitali. Kukimbia sikuweza, lakini nilitembea kwa namna ambayo watu walinipisha. Dresa alikuwa barazani anachemsha sindano.

"Shikamoo," nilisema, maana kulelewa nililelewa. "Kwa nini hukuniambia mayai?"

Aliangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Marahaba. Dada, wewe ni mke wa mtu. Ningekuambiaje mbele ya watu wote hawa kwamba ule mayai? Mumeo angenionaje? Na mama mkwe wako namfahamu, tunasali naye."

Msomaji wa mbali hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu wakati ule mwanamke hakula yai. Alifuga kuku, akaokota mayai, akayapeleka kuuza kwa Wazungu, lakini kuyatia mdomoni, hapana. Mwanamke mla mayai walisema ni mlafi asiyejua mipaka, tena atafunga kizazi, au atazaa watoto wasioota nywele. Mwanamume kumwambia mke wa mwenzake ale yai ilikuwa kama kumtongoza na kumtukana kwa mara moja. Basi mzee yule wa kanisa alichagua heshima. Kunichoma sindano kila siku mahali ambapo sitapataja humu, hilo hakulionea haya. Alilionea haya yai.

"Ningekufa kwa heshima yako," nilimwambia, na foleni nzima ikasikia. "Mwanangu angelelewa yatima ili wewe usione haya!"

Alirudi kwenye sufuria yake ya sindano. Baadaye nilisikia alianza kuwaambia wanawake wengine, kwa kunong'ona, mlangoni. Inafaa, lakini shukrani hapati kwangu.

Jioni ile Aminieli alikaa kwenye kigoda cha shangazi, ameinamia magoti yake. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. Nilipomaliza alisema, "Ngoja. Kuna kitu najua kukipika."

Kumbe kule kazini kila asubuhi alipika uji wa nafaka moja ya kizungu inayoitwa oti, punje zilizobanwa zikawa bapa, zinazouzwa ndani ya kopo. Wapishi wote waliuita poriji. Bwana alikula na maziwa na yai, akaondoka baada ya dakika chache na tumbo limetulia mpaka saa saba. Na kilichobaki, alisema Aminieli, kilivunjiwa yai lingine akapewa mbwa.

"Nani?"

"Mbwa. Memsahibu anasema manyoya yake yanang'aa."

Nilicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka shangazi akaniletea maji, na katikati ya kukohoa nililia. Mwaka ule wote mbwa wa Sekei alikuwa anakula dawa yangu.

Kesho yake Aminieli aliomba. Memsahibu alimpa kopo lililoingia wadudu, akisema lichukue tu, mbwa amelikataa. Sijui kama alidhani anatenda wema. Tulizianika oti juani kwenye ungo, tukazipepeta, tukazichagua moja moja, wadudu wote wakatoka. Niliapa kwamba nikipona nitaandika jambo hili, na sasa limeandikwa. Lilipoisha tulinunua letu kwa Mhindi, na liliposhindikana tulisaga ulezi, nao ulifaa vilevile. Kwa hiyo asiye na kopo asikate tamaa.

Sasa sikilizeni jinsi ya kuupika, maana hii ndiyo sababu ya daftari hili. Jioni chemsha maziwa mpaka yapande, yaache yapoe. Sisi tulipata maziwa kwa jirani, mama wa Oldonyo Sambu aliyeolewa mjini, mwenye ng'ombe wawili. Alinikaribisha kwa kuniita "yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, ingawa ningeweza kuwa binti yake, na kibuyu changu alikijaza mpaka shingoni. Chukua konzi mbili za oti, zitie kwenye maziwa hayo, funika, lala. Alfajiri zimeshalainika, bandika motoni na chumvi kidogo, koroga, na kabla maji ya chai hayajachemka uji umeiva. Tia karanga zilizotwangwa. Sasa epua. Piga mayai mawili kwenye kikombe na maziwa kidogo ya baridi, miminia polepole huku unakoroga bila kusimama, rudisha motoni kidogo tu, yaive. Ukimwaga mayai kwa pupa juu ya moto mkali yataganda vipande, utapata kitu cha ajabu. Ukiwa na asali, weka. Utakuwa umekula na uko njiani kabla jogoo hajamaliza kelele zake.

Siku ya kwanza mkono wa shangazi ndio uliovunja mayai. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, amefuga kuku tangu utotoni, na hakuwahi kuonja yai. Alilamba mwiko. Akalamba tena.

"Hiki ndicho walichokuwa wanatunyima?" aliuliza, na uso wake ulibadilika. Tangu siku hiyo kapu la mayai lililokwenda Sekei lilianza kuwa jepesi.

Jumatatu ya kwanza mshale haukurudi. Ya pili ulisogea. Ratili themanini na tano. Themanini na nane. Daktari alipiga makofi peke yake. Nilianza kuona mifupa ya mabega ikijificha, na nywele zilizokuwa zinatoka na kitana zikaacha kutoka. Baridi iliisha, mijakaranda ikachanua njia nzima ya kwenda hospitali. Nilikuwa na sindano sitini na nane.

Hapo ndipo mama mkwe alipotushukia bila taarifa. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi na nyama ya mtori, na mgongoni alikuwa na Eliwaza. Kusema kweli alikuwa ametoka mlimani kwa miguu na mzigo huo wote, kwa ajili yangu. Alisimama kwenye uzio ili mtoto asinikaribie, kama tulivyoagizwa. Mwanangu alikuwa ameota meno. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu wa njiani, akaficha uso kwenye shingo ya bibi yake.

Nilikuwa na bakuli mkononi.

"Unakula nini?" aliuliza mama mkwe.

"Shikamoo mama. Uji."

"Marahaba. Uji gani wa njano?"

Sikutaka kusema uongo. "Una mayai, mama. Daktari ameagiza."

Aliuweka mkungu chini. "Nina mtoto mmoja wa kiume," alisema. "Mmoja tu. Nawe unakula kizazi chake kwa kijiko, mchana kweupe."

"Mama, nisipokula nitakufa."

"Mbona wengine wote hawakula?"

"Na wengine wote wako wapi?"

Shangazi alijaribu kuingilia, mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono. "Basi sikiliza. Ukiacha, urudi uchukue mtoto wako. Usipoacha, mimi sina mkwe mla mayai, na mtoto huyu wa kike sitamtoa akafundishwe ulafi." Akageuka. Ndizi na nyama alituachia. Eliwaza alinitazama juu ya bega lake mpaka walipokata kona.

Uji ulikuwa umepoa. Niliangalia bakuli lile, na nawaambia, nilitaka kulimwaga. Nilijua nikiacha nitaitwa mkwe mwema na nitapelekwa kwenye treni. Niliumaliza wote, huku machozi yananitiririka, na sikumwachia hata kuku. Aminieli aliposikia hakusema neno dhidi ya mama yake. Alileta mayai mengine sita. Kwa mtu kama yeye huko ndiko kupiga kelele, ingawa wakati ule nilitaka kelele zenyewe.

Sindano ya tisini nilichomwa siku ya mvua za vuli. Ratili mia moja na mbili. Makohozi safi, mara tatu. Daktari alinishika mkono mbele ya watu, na dresa akatafsiri, neno kwa neno safari hii, kwamba hakuna safari ya treni, naweza kumbeba mwanangu.

Nilipanda mlima siku hiyohiyo kwenye matope, Aminieli nyuma yangu. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemwambia mama mkwe sijaacha na sitaacha, na mtoto ni wangu, na akitaka twende kwa wazee twende. Nilifika nayo yote mdomoni.

Kabla sijabisha nilisikia kikohozi ndani. Kikohozi kile nakijua, si cha baridi. Huanzia chini, husimama kidogo kama kinachofikiri, kisha hutoa vyote. Nilisukuma mlango. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, amekonda, kitambaa mdomoni, na Eliwaza amelala mapajani mwake.

"Tangu lini?" nilimuuliza. Hata salamu sikutoa.

"Mwezi wa pili huu." Hakuniangalia. "Nilijua ukisikia utamchukua."

Yale niliyoyasema hapo sitayaandika yote. Nilimwambia alilala na mwanangu na kifua kile, akijua, ili tu asishindwe na mkwe. Nilimwambia anayeua kizazi si yai. Aminieli alisimama mlangoni anadondosha maji ya mvua, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwambia mama yake, "Mpe mtoto, mama." Alinipa. Eliwaza alilia, akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, akimnyooshea bibi yake. Nilimshika hivyohivyo. Alilia mpaka akachoka, akalala kwa uchovu, si kwa kunikubali.

"Kuanzia leo analala kwangu," nilisema. "Na kesho tunashuka hospitali wote, apigwe picha ya kifua, nawe uchomwe."

Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni lazima pia… kile chakula?"

"Lazima."

Niwatoe wasiwasi: mtoto alionekana salama. Lakini asubuhi ile hatukuwa tunajua. Niliamka gizagiza, oti nilizopanda nazo zilikuwa zimelala kwenye maziwa, nikapika. Sikupika kwa upendo, msidanganyike. Nilikoroga kwa hasira tupu. Nilimpa mama mkwe bakuli lake peke yake. Kisha nikampakata Eliwaza, nikamnyooshea kijiko. Aligeuza uso, akarudi, akanusa, akafungua mdomo. Mama mkwe aliona yai likiingia kinywani mwa mjukuu wake wa kike. Tulitazamana juu ya kichwa cha mtoto. Halafu akainama, akala lake mpaka mwisho, akafuta bakuli kwa kidole, akalisukuma kuelekea kwangu.

"Una madonge," alisema.

Uji wangu hauna madonge. Haukuwa nayo siku ile na hauna mpaka leo.